UZI: Kusafisha brasi iliyotumika (karabai, majiko ya pampu, jeti) kabla ya kuirudisha kazini

#1 Fundi wa Makoroboi

Wakuu salaam. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi ya dagaa huku kwetu Mwanza hupumzika mwaloni, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na hizi ndizo siku watu wanakumbuka karabai zao za akiba, majiko ya pampu na taa za moto za kulehemia. Wengi wamehamia taa za sola na sina ugomvi nazo. Lakini kuanzia Kirumba, Igombe, Kayenze hadi visiwani bado kuna brasi (ile shaba ya njano) nyingi ya zamani inayorudishwa kazini, na namna inavyosafishwa inanitia hofu. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Niseme mapema msimamo wangu: brasi inasafishwa ili uione, kung'aa ni ziada. Tangi la karabai limebeba mafuta ya taa yaliyosukumwa na hewa, taa nyingi za aina hii zinafanya kazi kwa presha ya takriban bar 2, na hapo juu kuna moto. Ufa mwembamba kwenye shingo ya tangi unafichwa na masizi, ukoko wa mafuta na kutu ya kijani. Ukisafisha bila kukagua hujafanya kazi yoyote, hata kama tangi linaonyesha sura yako.

Nianze na utambuzi. Pitisha sumaku. Ikinasa, ujue hicho ni chuma kilichopakwa tu, na maelezo yangu ya asidi hayakihusu kabisa. Brasi haikamatwi na sumaku.

Kisha fungua kila kitu. Achia hewa yote itoke, mwaga mafuta mbali na moto, toa kichwa, jeti (kile kipande chenye tundu dogo linalopitisha mafuta), sindano, pampu, ngozi yake, washa zote za mpira na kila skrubu ya chuma. Hili la skrubu mafundi wengi wanalipuuza. Asidi ikishakula kidogo inabaki na kopa (shaba nyekundu) ndani yake, na ukiacha kipande cha chuma humo, ile kopa inatoka majini na kujipaka juu ya vitu. Ndiyo maana unasikia mtu analalamika kwamba brasi yake imetoka ndooni ikiwa na rangi ya waridi.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kabla ya asidi yoyote, kwa sababu asidi haipenyi kwenye mafuta. Kwa ndani ya tangi, tia maji ya sabuni na konzi ya mchele mkavu, ziba mdomo, tikisa kwa nguvu, mwaga, rudia mpaka maji yatoke masafi. Msitumie kokoto. Bati la tangi ni jembamba na kokoto linaacha mikwaruzo ambayo baadaye hutajua kama ni mkwaruzo au ufa.

Asidi ninayoiamini ni unga wa sitriki, ule ule wanaonunua watengeneza juisi. Kijiko kikubwa kimoja kwa maji ya uvuguvugu lita mbili hivi, kwenye ndoo ya plastiki, usitumie sufuria ya alumini. Tumbukiza, geuzageuza, dakika kumi zinatosha. Usiache usiku kucha kwa kudhani ndiyo itatakata zaidi. Kama unga haupo, limao lipo: maji yake yana asidi hiyo kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo kikombe kimoja kilichochujwa vizuri kwa vikombe vitano au sita vya maji kinafika pale pale.

Ukitoa, suuza sana, kisha pitisha kwenye maji yenye magadi kidogo kuua asidi iliyobaki kwenye mikunjo na nyuzi za skrubu, suuza tena, kausha juani mdomo ukiangalia chini. Itatoka na rangi ya brasi iliyofifia, haitang'aa. Hiyo ndiyo rangi unayoitaka kwa ukaguzi.

Ukaguzi nitauandikia peke yake. Karibuni kwa maswali.

#2 Kijana wa Kayenze

Shikamoo Fundi. Sisi huku tunatumia ndimu, chumvi na majivu. Inatakata chapu kuliko hiyo ya sitriki. Kuna ubaya gani?

#3 Fundi wa Makoroboi

Marahaba kijana wangu. Kwa sufuria la shaba au pambo la ukutani, endelea. Kwa kitu cha presha nakukataza. Chumvi ndiyo inayoleta huo uchapu, na chumvi hiyo hiyo ikibaki kwenye kiungo au chini ya washa inaendelea kuila brasi kimya kimya wewe ukiwa umeshamaliza. Majivu nayo yanasugua. Yanatoa uchafu pamoja na brasi yenyewe, na tangi lililosuguliwa kila mbalamwezi kwa miaka linabaki karatasi.

#4 Dereva wa Nyegezi

Naomba kuuliza, na asidi ya betri je? Kuna jamaa Igogo anachovya sekunde chache tu, inatoka ya dhahabu kabisa. Watu wanapanga foleni kwake.

#5 Mwalimu wa Kemia

Naomba nijibu hili mimi, Fundi atanisahihisha upande wa kazi.

Brasi ni kopa na zinki vimeyeyushwa pamoja. Katika hao wawili, zinki ndiye mwepesi wa kushambuliwa. Asidi kali, au hata maji yenye chumvi yakikaa muda mrefu, yanaweza kuondoa zinki na kuiacha kopa peke yake. Umbo linabaki lile lile, unene unaonekana ule ule, lakini kilichobaki ni kopa yenye vinyweleo, dhaifu, unaweza kuibonyeza ikavunjika. Haipungui ukubwa, kwa hiyo macho ya haraka hayaoni.

Ile rangi ya dhahabu ya sekunde chache ni ngozi ya juu iliyoliwa. Mteja anafurahi kwa siku mbili. Mbali na brasi, kuna mtu anayeegemea ndoo ya asidi ya salfuri bila miwani wala glavu, na watoto wanapita. Sitriki inatiwa kwenye juisi. Sioni sababu ya kuhatarisha macho kwa kazi ambayo limao linaiweza.

#6 Fundi wa Makoroboi

Mwalimu umemaliza. Sasa niweke ukaguzi, nikitumia hilo alilosema la zinki kuondoka.

Tangi likiwa kavu, shika tochi na ulimulike kwa ubavu, mwanga ulale juu ya bati. Usimulike kutoka mbele. Mwanga wa ubavu unaonyesha kila mkunjo na kila ufa. Anzia shingo, mahali kichwa kinapofungwa, kwa kuwa pamekazwa na kulegezwa mara nyingi sana. Nenda kwenye mzunguko wa chini pale bati lilipokunjwa na kulehemiwa. Malizia pale silinda ya pampu inapoingia tangini.

Ukiona doa la waridi, usikimbilie kutupa. Sugua kwa kitambaa chenye majivu laini kidogo, hapo tu, kwa kidole. Likifutika na chini yake kukawa na njano, hiyo ilikuwa kopa nyembamba iliyojipaka kutoka kwenye asidi, haina madhara. Lisipofutika, na hasa kama kuna vishimo, chukua ncha ya kisu ubonyeze kidogo. Brasi nzima inakataa. Iliyopoteza zinki inamomonyoka au kisu kinazama. Tangi la namna hiyo limekwisha. Msilipelekee fundi akaliziba kwa lehemu, maana lehemu haina cha kushika hapo.

Kwa jeti, utaratibu ni tofauti kidogo. Chemsha kwenye maji ya sitriki, kisha itazame juani kupitia tundu. Tundu liwe duara. Msilitoboe kwa sindano ya kushonea nguo. Ikishapanuka hata kidogo mafuta yanatoka mengi, taa inatoa moto mwekundu na masizi, na mtu anaanza kulaumu mafuta wakati jeti ndiyo imeharibiwa.

#7 Mwana Ukerewe

Wakuu nina jambo limenisumbua sana, naona uzi huu ndiyo mahali pake. Marehemu babu aliacha karabai mbili. Moja ilikuwa inatumika kila giza, imegongwa, imebonyea, imeanguka mtumbwini. Nyingine aliitunza kama mboni ya jicho, haikutumika miaka. Nimezitoa zote nikasafisha kwa sitriki kama Fundi anavyoelekeza. Ile iliyogongwa ni nzima. Ile iliyotunzwa ina nyufa shingoni, ndefu, zinafuatana na urefu wa shingo, na hakuna alama ya kugongwa popote. Inawezekanaje?

#8 Mwalimu wa Kemia

Pole na hongera kwa kukagua. Ilikuwa imetunzwa wapi?

#9 Mwana Ukerewe

Stoo ya uani. Upande mmoja wanalala kuku, kwa nyuma ni zizi la mbuzi. Ilikuwa imening'inizwa darini.

#10 Mwalimu wa Kemia

Nilitegemea jibu hilo. Naomba uvumilivu, maana jibu lenyewe linaanzia kwenye risasi za bunduki.

Ganda la risasi limetengenezwa kwa brasi ya kopa asilimia 70 na zinki asilimia 30. Wamechagua mchanganyiko huo kwa sababu unavutika na kukunjika bila kupasuka: kisahani kidogo kinasukumwa hatua kwa hatua mpaka kinakuwa kikombe kirefu chembamba. Enzi za ukoloni wa Uingereza huko India, jeshi lilikuwa na tatizo la ajabu. Risasi zilizohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi zilikuwa zinapasuka shingoni zenyewe, bila kupigwa, bila kuguswa, na zaidi wakati wa msimu wa mvua. Kwa sababu lilifuata majira, waliliita mpasuko wa msimu, na kwa muda mrefu hawakujua chanzo.

Jibu lilichapishwa mwaka 1921 na watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson. Mkojo wa farasi unatoa amonia. Amonia ikikutana na unyevunyevu inashambulia brasi. Lakini hiyo peke yake haitoshi kupasua. Lazima pia bati liwe na mkazo ndani yake, uliobaki tangu lilipokunjwa kiwandani. Shingo ya ganda imebana kichwa cha risasi, kwa hiyo imekazwa muda wote. Amonia inapata mahali pa kuingilia, inafuata mipaka ya punje za metali, na ufa unasafiri kimya kimya. Dawa waliyoipata ilikuwa kupasha ganda joto la wastani baada ya kulikunja ili mkazo uondoke, na kutohifadhi risasi mahali penye amonia.

Sasa rudi kwenye stoo ya babu yako. Kinyesi cha kuku na mkojo wa mbuzi vinatoa amonia hiyo hiyo. Hewa ya ziwani ina unyevu. Shingo ya karabai imekunjwa na imekazwa na nati. Vyote vitatu vilikuwepo kwa miaka. Ile iliyokuwa inazunguka ziwani ilipata kipigo lakini ilikuwa inapata hewa safi. Babu hakukosea kuitunza, mahali tu ndipo palikuwa na sumu ya brasi.

Brasi yenye zinki zaidi ya asilimia 15 ndiyo iliyo hatarini, na vyombo vingi vya njano tunavyovijua viko humo.

#11 Bi Mwaloni

Subhanallah. Mwalimu, sisi wafanyabiashara wa dagaa karabai na majiko yote tunaweka banda la kuku kwa sababu ndilo lenye kufuli. Naenda kuhamisha leo hii.

#12 Kijana wa Kayenze

Mwalimu, kama joto linaondoa mkazo, si tuchome tu tangi motoni kidogo tukishasafisha?

#13 Fundi wa Makoroboi

Hapana, hapana kijana. Hapa nazungumza kwa nguvu. Tangi limeunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi (ile metali, siyo ya bunduki), na lehemu ya kawaida ya aina hiyo inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 tu. Kuondoa mkazo kunataka kwenda juu ya 250. Utakuwa umefungua viungo vyote kabla hujafika. Na tangi lililokuwa na mafuta ya taa lina mvuke ndani hata kama unaliona kavu. Wako watu wameungua vibaya kwa kupasha moto tangi "tupu". Tangi lenye ufa wa namna hii ni la kuuza kwa kilo.

Mwana Ukerewe, ile nyingine ya babu itumie, ila ikague kila ukiitoa.

#14 Mwalimu wa Kemia

Nyongeza inayotokana na hilo: angalieni dawa za kung'arisha shaba. Baadhi zina amonia, na ndiyo inayofanya kazi haraka. Soma nyuma ya kopo, au nusa tu, harufu ya amonia haijifichi. Kwa kitasa cha mlango haina neno. Kwa kitu kilichokunjwa na kitakachobeba presha, achana nayo. Watu wanaosafisha maganda ya risasi nchi za nje wameonywa hivyo hivyo tangu zamani.

#15 Chuma Chakavu Mabatini

Nashukuru mmetaja maganda ya risasi maana nilikuwa naogopa kuuliza. Mimi nanunua chakavu. Kwenye magunia ya brasi mara chache nakuta maganda yameshatumika. Nimeona mtandaoni wazungu wanayasafisha nyumbani wanayajaza upya. Wanafanyaje, na sisi je, tunaruhusiwa?

#16 Mwalimu wa Kemia

Nikujibu sehemu ya kusafisha kwa kuwa inafundisha, halafu la sheria nalo nitalisema wazi.

Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya, walenga shabaha na wawindaji wenye vibali wanatumia tena ganda kwa sababu ndilo sehemu ya gharama kubwa ya risasi. Wanaosha kwa sitriki iliyozimuliwa kama hii ya Fundi, au wanaliweka kwenye pipa dogo linalozunguka pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa chenga, au maganda ya jozi, kwa saa kadhaa. Wengine wanatumia maji na vijiti vidogo vya chuma kisichopata kutu. Baada ya hapo wanakagua kama tunavyokagua karibu na shingo, wakitafuta nyufa, na karibu na kitako wakitafuta mstari mwangavu unaozunguka ganda, dalili kwamba bati limevutika na litakatika. Likiwa na alama yoyote linatupwa. Kwao pia usafi ni wa kuona.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ile fataki ya kitako, yenyewe mara nyingi ina mchanganyiko wa risasi, yaani ile metali. Masizi ndani ya ganda na vumbi la kwenye pipa vina sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, upande wa ubongo. Wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu wanasafisha kwa maji ili vumbi lisiruke, wanaosha mikono kwa sabuni, na hawatumii vyombo vya jikoni.

Kwetu Tanzania, silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki au kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Kujaza risasi nyumbani Mwanza si jambo la kujadili kwenye uzi, haliruhusiwi, nukta. Ukikuta ganda kwenye gunia, usilisafishe wala usilibandue kitako. Peleka taarifa polisi, wao waseme la kufanya.

#17 Mkazi wa Kyaka

Naongezea kwa uchungu kidogo. Sisi huku Kagera tulipitiwa na vita ya 1978 na 1979. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likabomolewa, mapigano yakapita mashambani mwetu. Mtu akilima anaweza kukutana na chuma cha kijani chenye kutu, akadhani ni brasi ya kuuza. Ndugu yangu wa chakavu, kitu kisichojulikana kikiwa kizima usikigonge, usikipime kwa kilo, usikitie kwenye asidi ili uone kimeandikwaje. Weka alama, sogeza watoto, ita polisi.

#18 Chuma Chakavu Mabatini

Nimekuelewa mkuu, Mungu akubariki. Nitawaambia na vijana wanaoniletea.

#19 Dereva wa Nyegezi

Hiyo ya magunzi imenivutia. Inaweza kutumika kwa vitu vidogo vya karabai? Kusugua jeti na nati moja moja kunachosha.

#20 Fundi wa Makoroboi

Inatumika, na mimi ni shahidi. Mwanza magunzi hayana bei. Kausha vizuri, saga kwa mashine iwe chenga za ukubwa wa mchele uliovunjika, pepeta vumbi litoke. Chukua ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha skrubu, jaza nusu, weka nati, vifuniko na vichwa vidogo vilivyokwisha kuoshwa na kukauka kabisa. Tia matone machache ya mafuta ya taa ili vumbi lisiruke, hakikisha hakuna moto karibu. Kisha izungushe polepole. Kuna mafundi wanaifunga kwenye gurudumu la baiskeli lililogeuzwa, wengine mota ya feni iliyopunguzwa mwendo kwa mkanda. Polepole ndiyo siri. Ikienda kasi vitu vinang'ang'ania ukuta wa ndoo na havisuguani.

Saa mbili tatu unatoa vitu vyenye mng'ao mzuri bila mkwaruzo. Jeti sizitii humo kwa sababu chenga huziba tundu, na kuitoa utalazimika kuchokonoa. Vitu vyenye nyuzi nyembamba, vipulize kwa pampu ya baiskeli baada ya hapo.

Mkifanya hivi fungueni dirisha, msifanyie chumba cha kulala.

#21 Bi Mwaloni

Maji ya asidi yakishatumika tunamwaga wapi? Naona vijana wanamwaga pale pale ufukweni.

#22 Mwalimu wa Kemia

Asante dada kwa swali hili, naona ndilo lililokuwa limesahaulika. Maji hayo yanatoka na rangi ya bluu au kijani kwa sababu yana kopa iliyoyeyuka. Kopa ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo wa majini hata ikiwa kidogo. Chumvi za kopa zimewahi kutumika kuua konokono wanaobeba kichocho, sasa fikiria mayai na vifaranga vya samaki pale kwenye matete. Ziwa hili ndilo sahani yetu sote.

Tia magadi kidogo kidogo mpaka povu liishe. Linaweza kujitokeza tope la kijani, ila sitriki hushikilia kopa, kwa hiyo maji ya juu bado yanaweza kuwa nayo. Acha litulie siku nzima, mimina maji ya juu kwenye shimo mbali na kisima na ziwa, na lile tope likikauka lifunge kwenye mfuko, uhifadhi pamoja na takataka za chuma. Mfanye hivyo hivyo kwa vumbi la magunzi lililochoka, msiwape kuku wala ng'ombe.

Na kitambaa cha utambi wa karabai cha zamani, kile kinachogeuka majivu meupe, msikipulize kwa mdomo. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa thoriamu, ambayo ina mionzi. Iliyoshikwa haina hatari kubwa, ila vumbi lake halifai kuingia mapafuni. Lowesha, futa, tupa.

#23 Mwana Ukerewe

Fundi, hatua ya mwisho. Nimesafisha, nimekagua, sioni ufa. Nitajuaje kabla ya kutia mafuta?

#24 Fundi wa Makoroboi

Swali zuri. Tangi liwe tupu, halina mafuta wala harufu. Rudisha pampu na washa mpya, ziba mdomo wa kichwa kwa nati yake na kipande cha mpira. Tumbukiza lote kwenye beseni la maji. Piga pampu taratibu, chache kwanza, subiri, kisha ongeza. Usipige mpaka mkono ukatae, hujaribu nguvu zako. Tazama viungo. Mapovu yanayotoka tangu mwanzo na kuisha ni hewa iliyokuwa imejificha kwenye mikunjo. Mapovu yanayoendelea mahali pamoja ni tundu. Weka alama kwa penseli.

Povu likitoka kwenye washa, badili washa. Likitoka kwenye kiungo cha lehemu, mpelekee fundi anayejua kulehemu brasi. Likitoka katikati ya bati au shingoni, tangi hilo limekwisha, usilitumie.

Acha likae na hewa usiku mmoja nje ya maji. Asubuhi fungua skrubu ya hewa. Ikipiga mluzi wa nguvu, tangi liko sawa. Mara ya kwanza ya kuwasha, fanyia nje, mchana, na ndoo ya mchanga karibu. Mafuta ya taa peke yake. Mtu akikwambia uchanganye na petroli ili iwake haraka, huyo hakutakii mema.

#25 Kijana wa Kayenze

Fundi swali la mwisho. Ngozi ya pampu ya karabai ya mzee imekauka kama ubao. Dukani wameniambia haipo. Inapona?

#26 Fundi wa Makoroboi

Mara nyingi inapona. Ichovye kwenye mafuta ya mashine ya cherehani au samli iliyochujwa kutoka jioni hadi asubuhi. Asubuhi ikunjue kwa kidole gumba taratibu, ukingo ufunguke kuelekea chini ya pampu, upande wa tangini. Ikiwa ina mpasuko, kata nyingine kutoka kwenye ngozi laini ya mbuzi, duara pana kidogo kuliko silinda, iloweshe, ibonyeze juu ya kifuniko cha chupa ipate umbo la kikombe, ikaukie hapo hapo. Ukishaifunga paka mafuta tena. Pampu ikiwa inapiga bila uzito, ukingo umelala upande usio wake, itoe uigeuze.